Mnyororo wa elektroni hautengenezi ATP: kazi yake ni kuchaji utando

Ukimuuliza mwanafunzi wa biolojia mnyororo wa usafirishaji wa elektroni ulio kwenye mitokondria za seli unatengeneza nini, mara nyingi atajibu: ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Jibu hilo si sahihi. Kuanzia NADH, molekuli inayoleta elektroni, hadi oksijeni, hakuna hatua hata moja ya mnyororo huo ambapo fosfeti inaunganishwa na ADP ili kuwa ATP. Mnyororo unahamisha protoni (ioni za haidrojeni) kutoka upande mmoja wa utando kwenda upande wa pili, basi. ATP hutengenezwa na mashine nyingine iliyo pembeni, ambayo haigusi elektroni kabisa. Kinachoziunganisha mashine hizo mbili ni tofauti ya chaji na ya wingi wa protoni kati ya pande mbili za utando.

Wazo hili lilitolewa na Peter Mitchell, Mwingereza, mwaka 1961, wakati watafiti wengi walikuwa wakisaka molekuli ya kati yenye nishati nyingi ambayo ingepeleka nishati ya elektroni kwenye ATP. Molekuli hiyo haikupatikana kwa sababu haipo. Mitchell alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1978. Michoro mingi ya shuleni bado inaichora ATP mwishoni mwa mnyororo kana kwamba ni kituo kimoja zaidi cha elektroni, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa.

Utando usiopitisha protoni

Mitokondria, sehemu ya seli ambamo haya yote hutokea, ina tando mbili. Ule wa nje una matundu ya protini ziitwazo porini, na molekuli ndogo karibu zote hupita humo bila kizuizi. Utando wa ndani ni habari nyingine. Haupitishi ioni ovyo, hata protoni, ila kwa njia ya protini maalumu. Umekunjwakunjwa ili eneo kubwa litoshee mahali padogo, kwa kuwa mashine zote tunazozungumzia zimepachikwa humo. Sehemu iliyofungiwa ndani yake huitwa matriksi, na humo ndimo mzunguko wa Krebs, mfululizo wa hatua za kumalizia kuvunja chakula, unamofanyika.

Glukosi moja ikivunjwa yote hadi kuwa kaboni dioksidi hutoa NADH 10 na FADH2 2, mbebaji mwingine wa elektroni. NADH mbili hupatikana nje ya mitokondria katika glaikolisisi (hatua za kwanza, zinazoivunja glukosi kuwa piruvati), mbili wakati piruvati inageuzwa kuwa asetili-CoA, na sita katika mzunguko wa Krebs, unaotoa pia zile FADH2 mbili. NADH iliyo katika matriksi huelea huru hadi ikutane na mnyororo. FADH2 haielei: imeshikamana na kimeng'enya kilichoizalisha, na elektroni zake hukabidhiwa papo hapo.

Kinachozifanya elektroni zisafiri ni tofauti ya mvuto. NADH huzishika kwa ulegevu, kwa kipimo cha volti −0.32, na oksijeni huzitaka kwa nguvu, kwa kipimo cha +0.82. Kati ya hizo mbili kuna volti 1.14. Kwa elektroni mbili zinazotoka kwenye kila NADH, tofauti hiyo ni sawa na takriban kilojuli 220 kwa moli. Kama nishati hiyo ingetolewa kwa mkupuo mmoja, karibu yote ingekuwa joto. Mnyororo unaishusha kidogo kidogo, na kila mteremko unaotosha hutumika kusukuma protoni.

Kutoka NADH hadi oksijeni

Mnyororo una mashine nne za protini ziitwazo kompleksi, I hadi IV. Kompleksi I ndiyo kubwa kuliko zote, ikiwa na vipande 45 vya protini kwa mamalia na umbo la herufi L. Mkono mmoja umelala ndani ya utando, mwingine umechomoza kwenye matriksi. NADH hufika kwenye ncha ya mkono uliochomoza na kuacha elektroni mbili kwa FMN, molekuli ya kompleksi hiyo inayozipokea. Kutoka hapo elektroni huruka moja moja kupitia safu ya vishada vya chuma na salfa hadi kwa ubikwinoni, maarufu kama koenzaimu Q. Vishada hivyo viko karibu sana, chini ya nanomita 1.4 kati ya kimoja na kinachofuata. Pengo likizidi hapo, mruko unakuwa wa polepole mno kwa kazi ya seli. Elektroni zikimfikia Q, umbo la kompleksi hubadilika, na badiliko hilo husafiri kando ya mkono uliolala na kusukuma protoni 4 kutoka matriksi kwenda nje.

Kompleksi II ni kimeng'enya kile kile cha mzunguko wa Krebs kinachogeuza saksineti kuwa fumareti. Hupokea elektroni kwa FAD (inayogeuka FADH2) na kuzipeleka kwa Q. Haisukumi protoni hata moja, na sababu iko katika volti: saksineti na Q zinavuta elektroni kwa nguvu zinazokaribiana, kwa hiyo mteremko kati yao hautoshi kusukuma chochote. Hiyo ndiyo maana FADH2 inalipa kidogo kuliko NADH. Elektroni zake zinaingia njiani baada ya kituo cha kwanza cha kusukuma kuwa kimeshapitwa.

Q ni molekuli ya mafuta yenye mkia mrefu (kwa binadamu mkia huo una vipande 10 vya isoprini), na huteleza ndani ya utando wenyewe. Ikipokea elektroni mbili huchukua pia protoni mbili na kuwa QH2.

Kompleksi III ndiyo inayowachosha wasomaji wengi, nayo inastahili kuelezwa taratibu. Tatizo lake ni la hesabu: QH2 inabeba elektroni mbili, lakini mpokeaji, protini iitwayo saitokromu c, anabeba moja tu kwa safari. Suluhisho ni kuzigawanya njia. QH2 hufika upande wa nje wa kompleksi, huachia protoni zake mbili nje, kisha elektroni moja hupita kwenye kishada cha chuma na salfa hadi saitokromu c. Elektroni ya pili inarudi nyuma: hupita kwenye hemu (molekuli zenye chuma) mbili za saitokromu b, sehemu ya kompleksi hiyo, kuvuka utando hadi upande wa matriksi, ambako Q nyingine inaisubiri. QH2 ya pili inapokuja na kufanya vivyo hivyo, Q ile inayosubiri inakuwa imepata elektroni mbili, huchukua protoni mbili kutoka matriksi, na kugeuka QH2 tena. Kwa hiyo QH2 mbili zimetumika, moja imerudishwa. Saitokromu c mbili zimepakiwa. Protoni 4 zimetolewa nje na 2 zimechukuliwa kutoka ndani. Mzunguko huu wa Q pia ulipendekezwa na Mitchell, katikati ya miaka ya 1970. Uzuri wake ni kwamba elektroni ile ile inatumika kuongeza idadi ya protoni bila pampu ya kujikunja na kujikunjua kama ya kompleksi I.

Saitokromu c ni protini ndogo yenye asidi amino 104 kwa binadamu. Imeegemea uso wa nje wa utando wa ndani hasa kwa mvuto wa chaji, kwa hiyo huponyoka kirahisi utando wa nje ukipasuka. Seli hulitumia jambo hilo kwa makusudi: saitokromu c ikivuja na kuingia kwenye saitoplazimu, huwa ishara ya seli kujiua.

Kompleksi IV hukusanya elektroni kutoka saitokromu c nne, moja baada ya nyingine, kupitia shaba mbili za kituo cha kwanza, hemu a, hadi kwenye kituo chenye hemu a3 na shaba nyingine. Hapo ndipo oksijeni inapofungwa. Kimeng'enya huishikilia bila kuiachia hadi elektroni zote nne zimefika, kwa sababu oksijeni iliyopata elektroni moja au mbili tu ni hatari. Mwisho wake ni maji mawili. Protoni 4 huchukuliwa kutoka matriksi ili kuyaunda maji hayo, na nyingine 4 husukumwa nje. Ukihesabu kwa elektroni mbili, zinazosukumwa ni 2.

Jumla kwa NADH moja ni 4 + 4 + 2, yaani protoni 10. Kwa FADH2 ni 6. Oksijeni, kama inavyoonekana, haileti nishati. Kazi yake ni kupokea elektroni zilizoishiwa, na isipokuwepo foleni nzima inasimama hadi kwa NADH.

Chaji yenyewe

Protoni zikihamia nje, matriksi inabaki na chaji hasi na pH ya juu kidogo. Tofauti ya chaji kwa kawaida ni kati ya milivolti 150 na 180, na tofauti ya pH huongeza makumi kadhaa ya milivolti. Milivolti 150 zinaonekana kidogo mpaka ukumbuke unene wa utando, ambao ni nanomita chache tu: ukigawanya, unapata uga wa umeme wa takriban volti milioni 30 kwa mita.

Kila protoni inayorudi ndani kwa msukumo huo inatoa karibu kilojuli 18 kwa moli. ATP moja katika mazingira ya seli inahitaji takriban kilojuli 50. Protoni moja basi haitoshi, mbili hazitoshi, na hapa ndipo mpango wa kutumia utando unapoonyesha faida yake. Malipo madogo kutoka vituo tofauti yanaingia kwenye mfuko mmoja, na mtumiaji anachota kiasi anachohitaji bila kujali kimetoka kituo gani.

Mchotaji mkuu ni sinthasi ya ATP. Ina sehemu mbili: Fo iliyo ndani ya utando, na F1 iliyochomoza kwenye matriksi. Fo ina pete ya vipande vya c, vinane kwa mamalia na kumi kwa hamira. Protoni huingia kutoka nje kwa mfereji wa nusu njia, hukaa kwenye kipande kimoja cha c, huzungushwa na pete karibu duara zima, kisha hutokea matriksi kwa mfereji wa pili. Pete inapozunguka huzungusha mhimili uitwao gama, uliopenya katikati ya F1.

F1 ina vituo vitatu vya kazi. Wakati wowote kimoja kimelegea kikiwa wazi, kingine kimeshika ADP na fosfeti, na cha tatu kimebana kabisa na kubeba ATP. Mhimili ukisogea nyuzi 120, kila kituo hubadilika kwenda hatua inayofuata. Jambo linaloshangaza ni kwamba ADP na fosfeti zikibanwa hivyo huungana karibu bila gharama. Nishati inatumika kukifungua kituo ili ATP itoke. Paul Boyer aliueleza utaratibu huu, John Walker akaonyesha muundo wake kwa fuwele, na wote wawili walipata Nobel mwaka 1997. Mwaka huo huo watafiti wa Japani walibandika uzi wa protini unaong'aa kwenye gama na kuuona ukizunguka chini ya darubini.

Kwa nini 38 imekuwa 30 au 32

Vitabu vya zamani vilihesabu ATP 3 kwa NADH na 2 kwa FADH2, vikapata 36 au 38 kwa glukosi. Namba hizo zilitoka enzi ambapo ilidhaniwa lazima ziwe kamili. Utando hauna sharti hilo. Mzunguko mmoja wa pete yenye vipande 8 unapitisha protoni 8 na kutoa ATP 3, yaani protoni 2.7 kwa ATP. Halafu kuna gharama ya usafiri. Fosfeti inaingia matriksi pamoja na protoni moja, na ATP inatoka kwa kubadilishana na ADP, ambapo chaji hasi nne hutoka na tatu huingia. Ukijumlisha zote, usafiri unagharimu protoni moja zaidi. Tunafika 3.7, ambayo kwa kawaida hukadiriwa kuwa 4.

Gawanya: 10 kwa 4 ni 2.5, na 6 kwa 4 ni 1.5. NADH 10 zinatoa 25, FADH2 2 zinatoa 3, na ATP 4 zinapatikana moja kwa moja katika glaikolisisi na mzunguko wa Krebs. Jumla 32. NADH mbili za glaikolisisi haziwezi kuvuka utando wa ndani; elektroni zake zikipitishwa kwa njia ya maleti na aspateti, hesabu inabaki 32. Zikipitishwa kwa njia ya gliseroli fosfeti zinaishia kwa Q, kila moja inalipa 1.5, na jumla inashuka hadi 30. Hata hizi ni namba za juu kabisa. Utando halisi huvuja kidogo.

Jinsi ya kujua kilichoharibika

Njia ya maabara iliyozoeleka ni kuweka mitokondria zilizotengwa ndani ya chombo chenye elektrodi ya oksijeni na kuangalia oksijeni inavyopungua. Ukiweka saksineti peke yake, oksijeni hushuka polepole: utando umeshajaa chaji, na pampu zinakabiliwa na msukumo wa kurudi nyuma. Ongeza ADP, kasi inapanda mara kadhaa, kwa sababu sinthasi inapitisha protoni na kuupunguza ule msukumo. ADP ikiisha, kasi inarudi chini. Kwa maneno mengine, kinachoamua kasi ya upumuaji wa mitokondria iliyotulia ni matumizi ya ATP zaidi kuliko wingi wa chakula.

Sasa weka oligomisini, inayoziba Fo. ADP ipo, lakini kasi iko chini. Ongeza dinitrofenoli (DNP), inayovusha protoni kupitia utando, na oksijeni inaanza kuporomoka upya ingawa hakuna ATP inayotengenezwa. Mnyororo ulikuwa mzima. Ulikuwa umesimamishwa na chaji yake mwenyewe. Fanya vivyo hivyo baada ya sianidi, inayoziba kompleksi IV, na hakuna kitakachobadilika, maana njia ya elektroni yenyewe imekatwa. Ulinganisho huu wa DNP baada ya oligomisini na DNP baada ya sianidi unathibitisha wazo la Mitchell kuliko maelezo yoyote ya maneno.

Kituo kilichoziba hutafutwa kwa kuingiza elektroni mbele yake. Rotenoni huziba kompleksi I: mitokondria zinazotumia piruvati na maleti, ambazo elektroni zake huingia kwa NADH, zinasimama, lakini ukizipa saksineti zinaendelea. Antimisini A huziba kompleksi III, na hapo saksineti haisaidii kitu. Inabidi kupakia saitokromu c moja kwa moja kwa askobeti (vitamini C) pamoja na TMPD, kemikali inayozipeleka elektroni zake.

Kosa la kawaida katika jaribio hili ni kuzifanyia kazi mitokondria zilizopasuka wakati wa kuzitenga. Dalili ni kwamba ADP haileti tofauti: kasi iko juu tangu mwanzo. Vipimo viwili vinaonyesha kilichopasuka. Weka NADH nje. Utando mzima wa ndani hauipitishi, kwa hiyo kasi ikiruka, utando wa ndani umepasuka. Weka saitokromu c. Kasi ikipanda, ni utando wa nje uliopasuka na saitokromu c ya asili imeoshwa.

Ndani ya mwili

Sianidi hujifunga kwenye chuma cha hemu a3 kikiwa katika hali ya Fe3+. Kaboni monoksidi hukipenda kikiwa Fe2+, ingawa madhara yake makubwa zaidi yako kwenye hemoglobini. Mgonjwa wa sianidi ana oksijeni tele kwenye damu, hata damu ya vena inaweza kuwa nyekundu angavu, kwa sababu tishu haziwezi kuitumia. Laktiki asidi hupanda haraka, kwa kuwa glaikolisisi pekee ndiyo inayobaki. Hidroksokobalamini hutibu kwa kuikamata sianidi na kuwa vitamini B12 ya kawaida, ambayo hutolewa kwa mkojo. Nitraiti hufanya kazi kwa njia nyingine: hugeuza sehemu ya hemoglobini iwe na Fe3+, ili sianidi ivutwe huko badala ya kwenye kompleksi IV.

DNP ni aina tofauti kabisa ya sumu. Haizibi chochote. Hubeba protoni na kuivusha kwenye mafuta ya utando, kisha hurudi kuchukua nyingine, na chaji inaishia kuwa joto. Miaka ya 1930 iliuzwa Marekani kama dawa ya kupunguza unene, na kweli ilipunguza. Lakini kipimo kinachounguza mafuta kiko karibu mno na kinachopandisha joto la mwili hadi kifo, na wengine walipata mtoto wa jicho. Mwaka 1938 ilitangazwa haifai kutumiwa na binadamu. Hakuna dawa ya kuizima, na kwa kuwa joto linatoka ndani ya seli na si kwenye kituo cha ubongo kinachodhibiti joto, dawa za kawaida za homa haziwezi kulizuia.

Mwili una kivujishaji chake, lakini kinachodhibitiwa. Mafuta ya kahawia, ambayo watoto wachanga wanayo kwa wingi zaidi ya watu wazima, yana protini ya UCP1 inayofungua njia ya protoni pale asidi za mafuta zinapoachiliwa kwa ishara ya baridi.

Uharibifu mwingine hutokea mnyororo ukiwa umejaa elektroni zisizo na pa kwenda. Baadhi huponyoka kwenye kompleksi I na III, hushikwa na oksijeni na kutengeneza supaoksidi. Kimeng'enya chenye manganisi huigeuza kuwa haidrojeni peroksidi, na vingine huimalizia kuwa maji. Kinga hii hushindwa zaidi pale damu inaporudi baada ya kukatika, kama kwenye mshtuko wa moyo pale mshipa ulioziba unapofunguliwa. Wakati damu imekatika, saksineti hurundikana. Oksijeni ikirudi, saksineti yote huoksidishwa kwa kasi, Q inajaa QH2, na elektroni zinalazimishwa kurudi nyuma kupitia kompleksi I, ambako supaoksidi hufumuka. Ndiyo sababu sehemu ya misuli ya moyo hufa katika dakika za kwanza baada ya mshipa kuzibuliwa, ingawa ilikuwa bado hai kabla ya hapo.